Jina la Chuo au Karo Unayoiweza: Nilivyochagua Uzamili wa Kazi za Jamii Nikiwa Kisumu

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kisumu huniuliza ilikuwaje nikawa na barua ya chuo kikuu cha Marekani na bado nikasomea uzamili hapa nchini. Baadhi yao huuliza kwa sauti ya kunihurumia, wakidhani nilinyimwa viza. Sikunyimwa, sikufika hata hatua ya kuiomba. Nilipiga hesabu, nikawauliza waliotangulia, nikakataa, na leo ningeamua vivyo hivyo. Naandika kwa kirefu kwa sababu naona wafanyakazi wa jamii wenye mishahara ya shilingi elfu arobaini au hamsini wakitafuta mikopo ya mamilioni ili jina fulani lionekane kwenye wasifukazi wao, na hakuna anayeketi nao kuwaeleza jina hilo linawapatia nini na haliwapatii nini.

Mwaka 2023 nilikuwa afisa katika mradi wa watoto mayatima na familia zinazoishi na virusi vya Ukimwi, mitaa ya Nyalenda na Manyatta. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya kazi za jamii. Kila nafasi ya juu iliyotangazwa ilitaja uzamili, na wakubwa waliokuja kutoka Nairobi kukagua mradi walikuwa wamesomea New York, London, Boston. Wakitambulishwa, chuo kilitajwa kabla ya cheo. Mtu ukikaa katika mikutano kama hiyo miaka kadhaa unaanza kuona kwamba mlango wa kuingia kule juu uko ng'ambo. Nikatuma maombi kwenye chuo kimoja cha pwani ya mashariki ya Marekani, chenye shule ya kazi za jamii inayojulikana dunia nzima, na kwenye chuo kimoja cha umma hapa Kenya. Vyote viwili vilinikubali.

Heshima ya vyuo vile vya Marekani haikutoka hewani. Marekani ni miongoni mwa nchi za kwanza kuifundisha kazi hii chuoni. Shule ya kazi za jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia inahesabu mwanzo wake kutoka kozi ya likizo iliyofanyika New York mwaka 1898, na kule Chicago Edith Abbott alifanywa mkuu wa shule ya kazi za jamii mwaka 1924, mwanamke wa kwanza kuongoza shule ya uzamili nchini Marekani. Nilikuwa nimesoma habari za Jane Addams, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, na Hull House, nyumba yake ya kuwahudumia maskini kule Chicago, tangu mwaka wa kwanza wa shahada, kabla sijafundishwa lolote kuhusu mtu wa Kisumu aliyefanya kazi ya aina hiyo. Kwa hiyo nilipopata barua ile nilifurahi kwa dhati. Mama yangu, ambaye ana kibanda chake sokoni Luanda, aliitembeza simu yake kwa wenzake wote waione.

Karo ilikuwa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na kozi ni ya miaka miwili. Chuo kiliniahidi ufadhili wa theluthi moja ya karo, jambo ambalo watu nyumbani walilisikia kama vile nimelipiwa kila kitu. Theluthi mbili zilizobaki, nauli, bima ya afya ambayo chuo hukulazimisha uwe nayo, chumba na chakula katika mji ghali, yote hayo yalikuwa juu yangu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafike pale: kabla chuo hakijakupa ile fomu ya I-20 ya kuombea viza, lazima uonyeshe kwamba pesa za mwaka mzima wa kwanza zipo. Wanataka taarifa ya benki yenye pesa ndani yake, wala ahadi ya mjomba au ya mheshimiwa haiwatoshi.

Tena pesa hizo ni za dola, nasi tunalipwa kwa shilingi. Barua ilinifikia dola ikiwa karibu shilingi 130. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu 160. Chukua dola 50,000 peke yake: shilingi milioni sita na nusu zinageuka kuwa milioni nane, na chuo hakijaongeza hata senti. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huohuo, lakini mwanafunzi halipi karo kwa bei ya baadaye. Analipa siku ya muhula kufunguliwa.

Niliuliza pia kama shahada yangu ya kwanza ingenipunguzia mwaka. Kule, waliosoma kazi za jamii katika shahada ya kwanza iliyoidhinishwa na baraza lao la elimu ya kazi za jamii huweza kuruka sehemu ya mwanzo ya uzamili, na hilo hukata gharama karibu nusu. Kwa sisi tuliosomea nje ya Marekani shahada inabidi ipelekwe kwanza ikapimwe kama inalingana na yao, kwa ada, na hata ikipita, chuo chenyewe ndicho huamua kama kitakupokea kwa mpango huo. Changu hakikutaka. Ukiwa unafikiria kwenda, liulize hili mapema, kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Nyumbani Vihiga waliamua kufanya harambee. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alinialika kwenye kikao cha kwanza cha kamati, chini ya mwembe wake, nione watu walivyojitolea. Katibu alikuwa na daftari la shule lenye mistari aliyoichora kwa rula: jina, ahadi, aliyotoa. Nililisoma. Mwalimu mstaafu, shilingi elfu tano. Kikundi cha akina mama cha kanisa, elfu kumi na mbili. Mjane mmoja ninayemjua tangu utotoni, debe la mahindi. Mbele ya jina lake katibu alikuwa ameandika bei ya mahindi ya wiki ile kwa kalamu ya risasi, ili aweze kuibadilisha soko likipanda.

Baadhi ya wazee walikuwa na wasiwasi. Habari za Uasin Gishu zilikuwa zimewafikia, wazazi waliolipia watoto wao mpango wa masomo wa Finland na kisha wakaandamana Eldoret mwaka huohuo wa 2023 wakidai pesa zao. Mjomba aliwaeleza kwamba hii ni barua ya chuo chenyewe, haijapitia mkono wa mtu. Lakini tulipobaki wawili aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake, yeye aliyekuwa mbele kuliko wote. "Mpwa wangu, hawa hawatakudai. Ila kila mtoto wa hapa akirudishwa nyumbani kwa karo, atakayekumbukwa ni wewe."

Nilimwelewa, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa kwetu. Harambee haina riba wala barua ya wakili, lakini ni deni. Na daftari lile, hata ahadi zote zikitimizwa, lisingefika shilingi milioni moja. Zilizobaki zingetoka wapi?

Zingetoka kwenye Sacco. Nilikuwa mwanachama na akiba yangu ilikuwa ndogo; Sacco nyingi hukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na unaleta wadhamini. Wadhamini wangu ni wenzangu wa kazi. Wafanyakazi wa nyanjani, mwanamke mmoja wa uhasibu, dereva wetu. Mtu akikudhamini, akiba yake inafungwa kwa kiwango hichohicho mpaka ulipe. Ukikwama Marekani, anayekatwa ni dereva, ambaye ana mtoto wake anayetaka kwenda sekondari. Tunapozungumzia gharama ya chuo tunataja karo na nauli. Hatutaji dereva.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo nalipendekeza kwa kila anayenifuata: nikimaliza, nitakuwa huru kufanya kazi gani? Sikujiuliza nitalipwa kiasi gani, kwani hilo hakuna anayelijua. Nilitaka kujua kama deni litaniruhusu kuifanya kazi niliyoisomea. Kazi yetu haina mishahara ya mafuta wala ya benki, hapa wala kule. Mwanasheria au daktari anaweza kukopa akitegemea mapato ya baadaye. Mfanyakazi wa jamii anayekopa milioni kumi anajifunga asiweze kufanya kazi ya watoto Nyalenda, kwa sababu kazi hiyo haitalipa deni hilo hata katika miaka ishirini.

Nilimtafuta dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye alikwenda mapema kidogo kuliko mimi, kwenye chuo cha hadhi ileile. Tulikuwa tukitumiana ujumbe wa sauti, yeye akiwa kwenye basi usiku, mimi nikiwa naamka. Hakunificha kitu, na ninamshukuru kwa hilo.

Alisema masomo ni mazuri kweli. Uzamili ulioidhinishwa kule unadai saa zisizopungua 900 za mafunzo kazini, na mwanafunzi hapelekwi tu mahali akaachwa. Anasimamiwa na mtu mwenye uzamili wa kazi hii na uzoefu wa angalau miaka miwili baada ya kuupata, na kila wiki wanakaa pamoja kupitia kesi. "Ananiuliza kwa nini nilimkatiza mama yule alipotaka kulia," aliniambia. "Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo." Nilisikiliza ujumbe ule mara nyingi.

Kisha akanipa upande wa pili. Saa hizo nyingi hazilipwi. Viza ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Baada ya kuhitimu, mwanafunzi wa kigeni hupata mwaka mmoja wa kufanya kazi. Ile nyongeza wanayopata watu wa sayansi na uhandisi, kazi za jamii hazimo. Ili abaki, inabidi apate mwajiri wa kumwombea kibali kingine, na mashirika ya kijamii yenye bajeti ndogo ni machache yanayokubali kubeba gharama hiyo. Nilimuuliza kuhusu ule mpango wa serikali yao wa mwaka 2007 unaowafutia mikopo wanaofanya kazi za umma, baada ya malipo 120 ya kila mwezi. Nilikuwa nimeusoma na kuweka matumaini juu yake. Akanieleza kwamba unahusu mikopo ya serikali ya Marekani, na mikopo hiyo haitolewi kwa sisi wenye viza ya mwanafunzi. Wenzake wa darasani, Wamarekani, walikuwa wakilalamika juu ya madeni yao hata wakiwa na mpango huo. Yeye alikuwa na deni la benki na la familia, na mpango hakuwa nao.

"Njoo," aliniambia mwisho, "lakini njoo mtu mwingine akiwa amelipa."

Sasa, kilichonisaidia zaidi katika maneno yake ni ile habari ya msimamizi wa kila wiki. Ilinifanya nitenganishe jina na kile kilichomo ndani yake. Nilichokitamani kwa wale wakubwa wa Nairobi hakikuwa nembo ya chuo. Nilitamani namna walivyoweza kuisoma kesi, wakaona jambo ambalo sisi tuliokuwa mtaani kila siku hatukuliona. Kama hilo linatokana na kusimamiwa kwa makini, basi swali la kuuliza chuo chochote ni nani atanisimamia, mara ngapi, na anajua nini.

Nikaenda kuwauliza walimu wa chuo cha hapa. Jibu halikunifurahisha. Mratibu wa mafunzo ya nyanjani huja kumtembelea mwanafunzi mara moja katika muhula, anasaini kitabu, anazungumza na mkuu wa ofisi, anaondoka. Si kwamba hawajali. Mhadhiri mmoja ana wanafunzi waliotawanyika kutoka Migori hadi Kitale. Lakini ukijisajili ukitarajia kupata kile alichopata dada yule, hutakipata kwa kukaa tu.

Mimi nilikwenda kwa afisa wa watoto mstaafu ambaye nilikuwa nimewahi kumwona mahakamani akitoa ripoti. Alikuwa amestaafu akarudi kwake upande wa Ahero, ana shamba la mpunga. Nilimwambia ninaanza uzamili na ninaomba anisikilize kesi zangu. Alicheka akasema hana cheti kinachofika changu. Nikamwambia, "Mzee, cheti ninakitafuta chuoni. Kwako nataka nisahihishwe." Akakubali. Tulikutana Jumamosi ambazo sikuwa na darasa, ninampelekea maelezo ya kesi bila majina, ananiuliza maswali mpaka najiona sijui kitu. Sikulipa pesa. Nilibeba sukari na majani ya chai, na wakati wa kuvuna nilisaidia. Katika miaka miwili ya uzamili, hakuna mwalimu aliyenijenga kumpita yeye, na hakuwemo kwenye ratiba ya chuo.

Karo yote ya miaka miwili hapa haikufika nusu milioni. Nilikopa sehemu kwenye Sacco, nyingine nikalipa kutoka kwenye mshahara muhula kwa muhula, kwa kuwa masomo yalikuwa ya wikendi na sikuacha kazi. Pesa za harambee nilizirudisha. Hili lilikuwa gumu kuliko kukataa barua yenyewe, maana kumrudishia mtu mchango kwetu ni kama kumkataa yeye. Mjomba ndiye aliyelibeba. Alizunguka na katibu na lile daftari, nyumba kwa nyumba, akieleza. Mjane yule hakutaka kabisa kurudishiwa, na mahindi yake yakabaki yakapelekwa kwa kijana mwingine wa pale aliyekuwa anaingia chuo cha ufundi.

Darasani tulikuwa watu wazima. Maafisa wa watoto kutoka kaunti jirani, afisa wa probesheni, muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Jaramogi ambayo watu hapa bado wanaiita Russia, naibu wa chifu, dada mmoja wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Watu husema jina kubwa linakupa mtandao wa watu, na ni kweli. Lakini mtandao una faida pale ambapo kazi yako iko. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilikuwa bado mpya, ofisi nyingi zikiwa zimezoea ile ya 2001, na sisi tuliijadili tukiwa na watu waliokuwa wakiitumia Jumatatu asubuhi.

Nitoe mfano. Kenya ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha kwenye malezi ya familia. Tulikuwa na mvulana wa shule ya msingi aliyetoka kwenye makao akarudi kwa bibi yake Nyalenda. Bibi alikuwa tayari, nyumba ilikuwa ndogo lakini safi, jirani walikuwa wema. Kila kitu kilionekana kimekamilika. Shuleni wakakataa kumwingiza kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa. Mama yake alifariki na kifo hakikuandikishwa. Bibi alikuwa akienda ofisi moja anatumwa nyingine, anarudi jioni miguu imevimba. "Mwanangu," aliniambia, "wamenitaka nilete karatasi ya mtu aliyekufa, na nikileta watataka ya aliyezaliwa." Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda chake, nikamwahidi, "Dani," yaani bibi kwa Kijaluo, "Jumamosi nitauliza." Jumamosi nilimwuliza dada wa usajili wakati wa chai. Alinieleza usajili uliochelewa unavyokwenda, barua gani ya chifu inahitajika na iandikwe vipi, na kwamba niende Huduma Centre nikiwa na karatasi zote kwa pamoja badala ya kumpeleka bibi mara tatu. Mtoto alipata cheti, akaingizwa. Profesa wa New York angenifundisha mengi juu ya huzuni ya mtoto yule, na ninayahitaji mengi hayo. Asingeijua barua ya chifu.

Ubaya wa upande huu nao niuseme, maana kuna watu wanaosifu elimu ya nyumbani kana kwamba haina doa. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2024 ulitusimamisha, tukarudi, tukasimama tena. Karo ulikuwa umeshalipa. Tasnifu yangu ilikaa kwa msimamizi muda mrefu bila jibu. Nilipiga simu, nikatuma barua pepe, nikaenda kumngoja mlangoni. Kibali cha kamati ya maadili kilichelewa, na bila hicho huwezi kupata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na bila hicho huwezi kuhoji mtu yeyote. Wenzangu kadhaa wamemaliza masomo ya darasani na tasnifu bado iko kwenye kompyuta. Kozi ya bei nafuu inayokuchukua miaka mitano haibaki kuwa ya bei nafuu. Kabla ya kujisajili popote, watafute waliohitimu na uwaulize walichukua muda gani, na uwaulize wale ambao hawajahitimu vilevile. Mimi niliponyoka kwa sababu niliandika sehemu kubwa ya tasnifu wakati wa mgomo, na kwa sababu mada ilikuwa kazi yangu ya kila siku: watoto wanaorudi kwa jamaa.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 mwezi huo Rais wa Marekani, Donald Trump, alisimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na amri za kusitisha kazi zikafuata. Mradi wetu ulikuwa mmoja kati ya mingi ya magharibi mwa Kenya iliyotegemea pesa hizo. Tuliambiwa tusiende nyanjani. Kisha tukaambiwa turudishe vitambulisho. Kulikuwa na familia ambazo hatukuziaga, na hilo bado linaniuma.

Nawataja wenzangu kwa uangalifu hapa, kwa sababu ni maumivu yao. Aliyekuwa na mkopo mkubwa wa masomo ya nje aliondoka kwenye kazi hii ndani ya miezi michache. Sasa yuko kwenye biashara ya bima, na anasema wazi kwamba hakuwa na namna. Alikuwa bora kuliko mimi katika kuongea na watoto waliodhulumiwa. Deni ndilo lililomchagulia. Mimi nilibaki na makato ya Sacco ya kiasi ambacho ningeweza kulipa hata kwa mshahara mdogo, na ndiyo sababu niliweza kuchukua kazi kwenye shirika dogo la hapa linalowarudisha watoto kwenye familia, kwa malipo ambayo ni pungufu ya yale ya zamani. Ningekuwa nimetoka Marekani na milioni kumi za deni, nisingeweza hata kuketi kwenye usaili ule.

Kwenye usaili wenyewe hawakuniuliza chuo. Waliniuliza nitafanya nini jirani akipiga simu usiku kusema mtoto amefungiwa ndani, nani nimjulishe kwanza, na nitaandika nini asubuhi. Niliomba pia kazi kwenye shirika moja la kimataifa na huko nilihisi tofauti. Waliofika hatua ya mwisho walikuwa na vyuo vya nje. Kwa hiyo jina lina nguvu yake, na kijana anayetaka kufanya kazi Geneva au kufundisha chuo kikuu asidanganywe kwamba jina hilo halina faida. Anayetaka kuhamia Marekani na kupata leseni ya kule naye kwa kawaida anahitaji uzamili ulioidhinishwa na baraza lao, au uliopimwa ukaonekana kulingana na wao, ingawa si lazima uwe wa chuo maarufu. Vyuo vya umma vya majimbo huidhinishwa na baraza hilohilo na karo yake kwa kawaida iko chini. Mwenye kutaka matibabu ya afya ya akili kwa kina naye namwelewa akitazama nje. Ila wote hao ninawaambia lile la dada yule wa ujumbe wa sauti: awe mtu mwingine ndiye anayelipa.

Na watu hao wapo. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa karo, nauli na posho, kwa kozi ya mwaka mmoja, na hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800 kisha urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, kuna Fulbright ya Marekani. Sharti la kurudi huwaudhi wengine. Mimi naliona kuwa zuri kwa kazi yetu, kwa sababu hukuacha urudi ukiwa huna deni, na mtu asiyekuwa na deni anaweza kurudi Nyalenda.

Jihadhari pia na jambo moja dogo linalosahaulika: shahada ya nje ukitaka kuitumia kwenye ajira ya serikali hapa, inabidi itambuliwe rasmi. Hifadhi nakala za kila kitu, pamoja na maelezo ya kozi.

Mwezi uliopita msichana mmoja wa ofisini kwetu alipata nafasi kwenye chuo cha Uingereza kwa ufadhili wa nusu karo, na papo hapo anangoja majibu ya ufadhili kamili. Ana miaka ishirini na sita, ni mwerevu, na wazazi wake Kakamega wameanza kuongelea kuuza kipande cha shamba. Tulikaa mchana mzima na kalamu. Nimemwomba jambo moja tu, shamba lisiguswe mpaka majibu yale yaje. Wakimlipia yote, aende, na mimi ndiye nitakayemsindikiza uwanja wa ndege. Ikibaki nusu, atamwandikia mratibu aulize kama wanaweza kumwekea nafasi mpaka mwaka ujao, na aombe tena.